Mpira wa bei mbaya ulivyoniumbua

Juzi dada mmoja wa Minneapolis kaniuliza: "Kaka, ninunue mpira gani wa bolingi?" Nikacheka peke yangu kama mwehu. Swali hilo nililipia msimu mzima.

Tulikuwa ligi ya Jumanne ya bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini, huku Ohio. Nimechoka na mipira ya ukumbini iliyochubuka, nikajitosa: mpira wenye ganda la rezini, pauni 15, umekwaruzwa kwa msasa mkali wa 500. Muuzaji akasema unakata kona balaa, yaani unapinda kwa nguvu kuelekea pini. Wiki ya kwanza kweli ulikata, kichwa kikavimba.

Ndipo siku ya mechi ya kuamua. Leni, ile njia ya mpira, ina futi 60 toka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele, ila mafuta hupakwa kama futi 40 za mwanzo, tele katikati, pembeni kiduchu. Kwenye mafuta mpira huteleza, yanapoisha ndipo unashika. Na rezini inanyonya mafuta! Kufikia gemu ya tatu, watu kumi tumeshayakomba yote. Mpira wangu ukawa unashika njiani, unavuka pini ya mbele na kuangukia kushoto. Ili kurekebisha nikasogeza miguu ubao mmoja tu wa sakafu, kwa kiburi, badala ya mbao nne tano. Nikaambulia alama 121 kati ya 300. Upande wa pili mzee mmoja alikuwa na mpira wa yurethani, ganda linalokata kona kidogo kuliko rezini, uliofifia rangi, anarusha taratibu, pini zinalala. Akanipa mkono na kuniambia, "Kijana, ungetazama mafuta." Mbele ya timu yangu yote. Hadi leo linaniuma.

Basi dada, tazama mafuta. Rusha mara moja, ukirudi mpira ukague ile mistari ya mafuta: ikiwa minene, leni imelowa, rezini yenye msasa mkali itakufaa. Ikiwa hafifu, tumia mpira uliong'arishwa, au yurethani. Mpira wa plastiki haunyonyi na haukati kona sana, kwa hiyo uweke kwa pini moja iliyobaki pembeni. Futa kwa taulo kavu kila unaporusha. Usinunue kwa sifa za muuzaji, wala kwa kumkomoa mtu. Watu wangu mna haraka mno na vitu vya bei! Mafuta kwanza, mpira baadaye.

Ule wangu niliurudisha dukani ukang'arishwa. Jumanne iliyopita nimepiga 203, leni ikiwa kavu kabisa. Yule mzee hakuwepo.