Je, mtu aweza kupata moksha akiwa hai?

SWALI: Namaste Panditji. Mjomba wangu anasema moksha, yaani kukombolewa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa, haipatikani mpaka mtu afe. Mimi nimesoma kwamba Ramana Maharshi, mtakatifu wa Kihindu wa Tiruvannamalai, kusini mwa India, alikombolewa akiwa kijana wa miaka 16, lakini mwaka 1950 akafa kwa saratani ya mkono. Kama alishakombolewa, maradhi yale yalitoka wapi?

JIBU: Namaste, binti yangu. Wazee wetu wamelijadili swali hili kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kwa mafundisho ya Shankara, mwanafalsafa wa kale wa Kihindu, ambayo ndiyo ninayoyafuata, kinachomfunga mtu ni kutojijua. Anajidhania kuwa ni mwili huu na jina hili, kumbe atman yake, yaani nafsi yake ya ndani kabisa, haina tofauti na Brahman, uhalisi mkuu ulio nyuma ya vyote. Ujinga huo ukiondoka, kifungo kimekwisha, hapa hapa. Hakuna safari ya kwenda kokote. Karma, yaani matendo na matunda yake, alizolimbikiza tangu maisha yaliyopita huteketea, na anazotenda baada ya hapo hazimgandi. Inabaki moja tu, prarabdha, yaani ile iliyokwisha kuanza kuzaa matunda, ambayo ndiyo iliyouleta mwili huu. Hiyo haina budi kumalizika yenyewe, kama gurudumu la mfinyanzi linavyoendelea kuzunguka baada ya mkono kuondolewa. Kwa hiyo mwili unaumwa, unazeeka, unakufa.

Fungua Bhagavad Gita, maandiko yetu yenye mazungumzo ya shujaa Arjuna na Krishna, Mungu aliyetwaa umbo la mwanadamu, sura ya 2, aya ya 54. Arjuna anauliza: mtu wa namna hiyo huzungumzaje, huketije, hutembeaje? Krishna hakumjibu kwamba haugui. Alisema dhiki zikimfika moyo wake hautikisiki, na raha zikija hazitamani. Basi usiutazame uvimbe wa Maharshi, tazama alivyoubeba: wafuasi walikuwa wakilia, naye akaendelea kuwapokea waliokuja kumwona hadi siku yake ya mwisho.

Hata hivyo mjomba wako hajapotoka. Ramanuja, mwalimu mkubwa wa Wavaishnava, yaani waabuduo Mungu Vishnu, wa kusini mwa India, aliipinga vikali kauli ya Shankara. Kusema mtu yumo mwilini na papo hapo amekombolewa, alisema, ni sawa na kusema "mama yangu ni tasa". Kwake moksha ni kufika kwa Vishnu, kwa rehema Zake, baada ya kuuacha mwili. Naiheshimu sana hoja hiyo. Lakini Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya maandiko yetu ya kale, 4.4.7, inasema kwamba tamaa zote za moyoni zikifunguka, mwenye kufa huwa asiyekufa, na humfikia Brahman hapa. Neno hilo "hapa" ndilo linalonizuia kukubaliana naye.