Simu zinapata intaneti, kompyuta haipati

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Nimenunua kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye Windows 10, kutoka katika ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake. Nimeiunganisha kwa waya kwenye ruta ya nyumbani lakini haipati mtandao kabisa, ingawa simu zetu zote zinapata intaneti kwa Wi-Fi kupitia ruta hiyohiyo. Fundi mmoja ananishauri ninunue ruta mpya. Mwingine anataka kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Nimsikilize nani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue ruta, wala usikubali kompyuta ifutwe, kabla hujafanya uchunguzi ambao hautakugharimu hata shilingi. Maadamu simu zinapata intaneti, huduma inafika nyumbani na ruta inaigawa. Hitilafu imebaki kati ya kompyuta na ruta, yaani kwenye waya, kwenye tundu unamochomekwa, au kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe.

Anza na waya. Vifaa vyote viwili vikiwa vimewashwa, tazama taa ndogo zilizo kando ya tundu la mtandao nyuma ya kompyuta. Zikiwa zimezimika, usihangaike na Windows kwanza. Kagua kichwa cha waya: kina kilimi cha plastiki ambacho hulia “tak” kinapojifunga, na kilimi hicho kikivunjika, kichwa huonekana kimeingia ilhali kimerudi nyuma kidogo na hakigusi sawasawa. Hakikisha pia kwamba hukuchomeka kwenye tundu la ruta lililoandikwa WAN, kwa kuwa hilo ni la kupokea huduma kutoka nje. Kisha jaribu waya mwingine.

Taa zikiwaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, halafu andika ipconfig na ubonyeze Enter tena. Usome kwa makini mstari wa IPv4 Address, yaani anwani ya IP, namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, kwa sababu namba hiyo hueleza mengi kuliko fundi anayekisia. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikaamua kujipangia yenyewe. Isipoanza hivyo, ilinganishe na anwani ya IP ya simu yako, ambayo utaikuta kwenye maelezo ya Wi-Fi. Ruta nyingi za nyumbani hugawa anwani zinazoanza na 192.168.0 au 192.168.1, na kwa kawaida mafungu matatu ya kwanza ya simu na ya kompyuta hufanana. Yakitofautiana, kwa mfano kompyuta ikionyesha 10.0.0.25, tumempata mhalifu.

Hilo ndilo ninaloshuku kwako, kwa kuwa umesema kompyuta ilitoka ofisini. Ofisini mafundi wengi huipa kila kompyuta anwani ya kudumu ili iwe rahisi kuisimamia, na anwani hiyo huhama nayo. Ikifika nyumbani haiombi anwani mpya; inaendelea kutafuta mtandao ambao haupo tena.

Kuirekebisha, bonyeza tena Windows na R, andika ncpa.cpl, bonyeza Enter, kisha bofya kulia kwenye Ethernet na uchague Properties. Bofya mara mbili Internet Protocol Version 4. Nakili kwanza namba zilizopo kwenye karatasi, ndipo uchague Obtain an IP address automatically na, chini yake, Obtain DNS server address automatically. Hili la pili husahauliwa sana; DNS ndiyo inayobadilisha majina ya tovuti kuwa namba, na ikiachwa na namba za ofisi, kompyuta inaweza kuifikia ruta vizuri lakini tovuti zisifunguke. Kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, fungua pia sehemu ya Proxy, yaani kompyuta ya kati ambayo ofisi hupitishia intaneti yake, na uzime anwani yoyote ya ofisi iliyosalia humo.

Ikiwa tatizo lako ni lile la 169.254 ilhali mipangilio tayari ni ya kupokea anwani kutoka kwa ruta (automatically), zima ruta kwa nusu dakika na uiwashe upya. Angalia pia kama kuna programu ya ulinzi iliyoachwa na ofisi, kwani nyingine huzuia mtandao usioufahamu. Ninakusihi usichokonoe kwa pini kile kitundu cha ruta kilichoandikwa Reset: kinaweza kufuta jina na nenosiri ulivyowekewa na mtoa huduma, na hapo hata simu zitakosa intaneti.

Yote yakishindikana, na umekwisha kubadilisha waya na tundu la ruta, inaelekea kadi ya mtandao ya kompyuta, yaani kifaa cha ndani kinachopokea waya huo, imeharibika au haina programu yake ya kuiendesha. Azima au ununue kadi ndogo ya mtandao ya kuchomeka kwenye tundu la USB. Kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko ya ruta, na ikifanya kazi hutahitaji kufungua kompyuta.