Si wote wanazaa bila uchungu

Shoga angu umeuliza kama kweli huko Ulaya na Marekani wanazaa bila uchungu, si wote bwana. Ufaransa na Marekani wengi wanachomwa sindano ya mgongo, uko macho ila kiuno kushuka chini ganzi, Uingereza wanapenda ile gesi, nusu oksijeni nusu naitrasi oksaidi, uchungu ukianza kupanda unavuta. Waholanzi sasa! Wapo wanaojifungulia nyumbani na mkunga wala sindano hawaiwazi.

Mi hapa Lindi mama alinisugua kiuno usiku kucha mpaka mikono ikamfa ganzi yeye, kufika leba nesi ananambia usipige kelele unatisha wenzio, nikang'ata khanga. Na ile sindano inataka mtaalamu wa usingizi, huku akipatikana anakimbilia wa operesheni kwanza.