Maswali kwa Fundi: Namba ya NIDA iliyokatwa mkia

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni karani wa chama cha akiba na mikopo hapa Makambako. Matawi yetu matatu yanajaza fomu za kujiunga kwenye Excel, yananitumia kwa barua pepe kila Ijumaa, nami naziingiza kwenye kanzidata ya Access niliyoitengeneza mwenyewe. Niliiwekea sharti kwamba namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, isijirudie. Juzi wamejiunga mapacha. Wa kwanza kaingia, wa pili kanzidata ikamkataa: namba hii ipo. Kadi zao nimezishika mkononi, namba ni tofauti! Kuchungulia zaidi nikakuta wanachama wengi namba zao zinaishia na sifuri tano, wengine ziko sawa kabisa. Meneja anataka niliondoe hilo sharti ili kazi iendelee. Niliondoe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiliondoe hata kidogo. Sharti lako limekamata mwizi, na sasa meneja anataka mlinzi afukuzwe.

Mwizi ni Excel. Namba ya NIDA ina tarakimu 20: nane za tarehe ya kuzaliwa, kisha tano, tano tena, na mbili za mwisho. Excel ikidhani kitu ni namba ya hesabu, inakumbuka tarakimu 15 tu. Kuanzia ya 16 inaweka sifuri, kimyakimya, bila hata kukuuliza. Sasa chukua mapacha wako, tuwaite Kulwa na Doto. Wamezaliwa siku moja, kwa hiyo tarakimu nane za mwanzo ni zile zile. Kama walijiandikisha pamoja, zinazofuata nazo hazitapishana sana. Kinachowatofautisha kiko mkiani, na mkia ndio umekatwa. Mbele ya kanzidata Kulwa na Doto wamekuwa mtu mmoja, ikamkataa wa pili kama ulivyoiagiza.

Kwa nini wengine wako salama? Nenda kaangalie fomu zao. Nakubashiria waliojaza waliandika deshi, kama zilivyo kwenye kadi. Deshi zikiwepo Excel inaona maandishi, inaziacha zilivyo. Aliyeandika tarakimu 20 mfululizo ndiye aliyeliwa.

Hapa usije ukafanya nilichofanya mimi. Mwaka 2017 nilikuwa natunza orodha ya ofisi moja, namba zote zina deshi, safi kabisa. Nikaona deshi hazipendezi. Nikabonyeza Ctrl+H, tafuta deshi, pa kubadilishia nikaacha wazi. Kolamu nzima ikageuka 1.98E+19, ule ufupisho wa Excel kwa namba kubwa, mbele ya macho yangu, nami kwa kiburi cha ujana (nilikuwa na miaka 41, lakini kiburi hakina umri) nikapanua kolamu, nikabadilisha muundo, nikaona tarakimu 20, nikahifadhi, nikaenda kunywa chai. Jumatatu ndipo mtu wa malipo aliponiuliza mbona kila mtu anaishia na sifuri. Nakala ya zamani sikuwa nayo. Nilizunguka mtaa kwa mtaa na daftari kuomba watu wanionyeshe kadi zao upya, na mama mmoja alinifungia mlango akidhani mimi ni tapeli. Simlaumu.

Tiba ni hii. Kwenye fomu ya matawi, geuza kolamu ya NIDA kuwa Text kabla mtu hajaandika chochote. Ukigeuza baadaye umechelewa. Kwenye Access, sehemu hiyo iwe Short Text yenye urefu wa 20. Deshi ziondoe kwa fomula ya SUBSTITUTE kwenye kolamu ya pembeni, maana yenyewe inarudisha maandishi. Na ni lazima uziondoe kwa wote, la sivyo mtu mmoja ataingia mara mbili, leo na deshi, kesho bila. Faili la CSV (lile la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) usilifungue kwa kulibonyeza mara mbili ndani ya Excel, utarudi pale pale. Namba za simu nazo zipe Text, uone kama ile 0 ya mwanzo haitarudi nyumbani.

Waliokwisha kukatwa mkia hawana dawa, ni kurudi kwenye kadi. Ila usiwaamini wote walio na tarakimu 20. Linganisha nane za mwanzo na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye fomu. Aliyezaliwa 12 Aprili 1987 lazima aanze na 19870412. Zisipofanana, kuna aliyekosea kuandika, au kompyuta ya tawi imebadilisha siku na mwezi, jambo ninaloliona kila mara kompyuta ikiwa na mpangilio wa Kimarekani.

Fomu za Ijumaa usizimwage moja kwa moja kwenye jedwali la wanachama. Tengeneza jedwali la pili, liwe kama benchi la kusubiria. Ziingie hapo kwanza, uzikague, zilizo safi ndizo zipite ndani. Na mkifikiria kuweka lile faili la Access kwenye folda ya mtandaoni ili matawi yaandike wenyewe, acheni. Litaharibika siku wawili watakapolifungua pamoja. Kwa miji tofauti inatakiwa fomu ya kwenye kivinjari na kanzidata kwenye seva, MySQL au PostgreSQL, zote za bure, gharama ni seva na fundi. Mwambie pia meneja kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, na namba za NIDA za watu kuzagaa kwenye barua pepe si jambo la kujivunia.

SWALI: Fundi, tunakusanya taarifa za visima huku Kigoma kwa simu, tunatumia KoboToolbox. Mtandao ukisuasua nabonyeza kutuma mara tatu nne. Kisima kimoja kitahesabiwa mara nne?

JIBU: Hapana. Kila fomu unayoanza kujaza inapewa utambulisho wake papo hapo kwenye simu. Seva ikiupokea tena inaujua, haiandiki mara ya pili. Bonyeza uwezavyo. Ila ukikata tamaa ukajaza fomu mpya ya kisima kile kile, hiyo ina utambulisho mwingine, na kisima kitakuwa viwili. Iache ile ya kwanza ikae kwenye simu, uitume jioni ukifika mjini.

Na usiifute kwenye simu mpaka uione kwenye orodha ya zilizotumwa.