Treni ya usiku ama ndege? Mavyaa anataka kitanda

Swali: Salaam aleikum Bi Safari. Mimi ni msomaji wako wa hapa Malindi, Barani. Agosti skuli zikifungwa tunataka kwenda Nairobi kwa wifi yangu anakaa South C, tukae kama siku kumi hivi watoto waone makumbusho na wale twiga wanaolishwa kwa mkono. Tuko sita: mimi, baba watoto, mavyaa wangu ambaye ameshapita sabini na magoti yanamsumbua, na watoto watatu, wa kwanza ana 14, wa pili 8, wa mwisho mwaka na nusu, Oktoba ndo atimiza miwili. Sasa nyumba imegawanyika. Mavyaa asema twende na treni ya usiku, ati unapanda jioni, unapewa shuka, unalala mpaka Nairobi na unaamka kwa chai. Baba watoto asema ndege ni saa moja tu mambo yamekwisha. Mimi nashika pesa na naona ndege kwa watu sita ni kuuza ng'ombe. Wewe wasemaje?
— Mama wa Watatu, Barani, Malindi

Jibu: Waaleikum salaam shoga yangu, na mavyaa mpe salamu zangu za heshima kabla sijaanza, manake itabidi nimvunje moyo kidogo.

Hiyo treni anayoisema ilikuwepo na hadanganyi. Ile gari la moshi la zamani liliondoka Mombasa jioni likaingia Nairobi asubuhi, mara nyingi asubuhi ya kuchelewa sana, na ndani lilikuwa na vyumba vya vitanda, fasti klasi watu wawili na sekondi watu wanne, na behewa la kulia chakula mezani. Lakini lilisimamishwa 2017, mwaka uleule SGR, hii reli mpya, ilipoanza kubeba abiria. Hii ya sasa, Madaraka Express, ina safari ya usiku kweli, yaondoka Miritini, stesheni ya Mombasa, saa nne usiku, lakini haina kitanda hata kimoja. Ni viti vilevile vya mchana, taa ziko juu yako, na mwenzio wa mbele ana simu inaita. Afu ni ya mbio, kwa hiyo hata ukitaka kulala usingizi wa kushiba hupati nafasi, safari ni kama saa tano na nusu basi, karibu saa kumi alfajiri ushafika Syokimau, stesheni ya Nairobi, unaambiwa teremka.

Na hapo ndo penye shida yenyewe. Watu wanapenda treni ya usiku kwa hesabu ya kwamba wameokoa pesa ya hoteli usiku mmoja, na kwa treni yenye vitanda hesabu hiyo ni sawa kabisa. Nyinyi mnakwenda kwa wifi, hamlipi hoteli, kwa hiyo hamuokoi kitu, mnachopata ni kumgongea wifi wa watu mlango saa kumi na moja alfajiri na mtoto analia. Ama mngoje hapo stesheni mpaka kupambazuke. Nairobi ya Agosti hiyo! Sisi tuliozaliwa na jasho la Malindi tukipigwa na ile baridi ya alfajiri tunatetemeka mpaka meno, sembuse mzee wa magoti na kitoto.

Tuhesabu safari mlango kwa mlango, manake kila mtu anahesabu kutoka stesheni hadi stesheni kana kwamba anaishi stesheni. Kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, kukiwa shwari ni saa mbili na kitu, lakini foleni ya Mtwapa si unaijua wewe, na ukitoka hapo bado kuna kukatiza mji mpaka ng'ambo ya Changamwe ndo ufike Miritini. Halafu stesheni yenyewe usifike dakika ya mwisho. Mizigo yawekwa chini kwa mstari mbwa wainuse, ndo upite mashine, ndo uonyeshe kitambulisho na tiketi, na kote huko ni kutembea na kusimama. Mimi nawaambia watu wafike saa moja na nusu kabla, na wenye wazee saa mbili. Ukijumlisha yote, treni ya saa tisa alasiri ina maana mtoke Barani saa tatu asubuhi na muingie South C kama saa tatu usiku. Siku nzima hiyo. Ndege baba watoto ana haki, ingawa ile saa moja yake ni ya hewani tu: eyapoti yetu iko hapohapo mjini, tuktuk yatosha, weka kufika mapema, kungoja, kuruka, kungoja begi, taksi ya kwenda South C ambayo si mbali na JKIA wala na Wilson, zile eyapoti mbili za Nairobi, yaani kama saa nne ama tano mmeshafika na mmevua viatu.

Sasa pesa. Treni ya ekonomi ni shilingi 1,500 mtu mzima tangu Januari 2024, zamani ilikuwa 1,000, na fasti klasi 4,500. Mtoto wa miaka 3 mpaka 11 analipa nusu, chini ya 3 ni bure lakini hapewi kiti, unampakata. Kwa hiyo nyinyi mnalipa vichwa vinne kamili, kwa sababu huyo wa 14 kwao ni mtu mzima, na nusu moja: 6,750 kwenda kwa ekonomi, na 20,250 mkitaka fasti wote. Weka nauli ya matatu ya Mombasa na taksi za huku na huku. Ndege bei yake haisimami, inapanda kila siku zikikaribia na likizo ndo kabisa, usishangae kuona elfu kumi na zaidi kwa kichwa kwenda tu. Na wa miaka 8 kwenye ndege hapati nusu kama kwenye treni, analipa karibu sawa na wewe. Lakini huyo mdogo, ambaye hajatimiza miwili, anapakatwa na analipa kidogo sana, kwa kawaida kama asilimia 10 ya nauli. Ndo maana mkiamua ndege iwe Agosti hii hii, mkingoja Desemba atakuwa ameshahesabiwa kiti chake.

Ningekuwa mimi ningeigawa familia. Najua watu hawapendi kusikia hivyo, wanaona kama likizo imevunjika kabla haijaanza, lakini hamna sheria inayosema watu sita lazima wapande chombo kimoja. Wewe, mavyaa na kitoto pandeni ndege, hizo ni tiketi mbili na kipande. Baba watoto achukue hao wawili wakubwa na treni ya saa tisa alasiri, jumla yao 3,750, na hapo wanapata kitu ambacho ndege haitawapa na treni ya usiku pia haitawapa, nacho ni kuona Tsavo mchana. Reli inakatiza mbugani na kuna daraja na vivuko vya chini vya kupitisha wanyama. Saa hizo za jua kupoa, kuanzia kabla ya Voi mpaka kuelekea Mtito Andei, mtoto wa miaka 8 akibandika uso dirishani ana bahati nzuri ya kuona ndovu, wale wa Tsavo wekundu kwa vumbi, pengine na punda milia. Sio ahadi lakini, maana wanyama hawajui ratiba. Usiku mtu anaona kioo na sura yake basi, na kwangu mimi kuipita Tsavo gizani na watoto ni hasara.

Baba watoto akinuna kwamba yeye ndiye aliyetaka ndege na sasa anapewa treni, mwambie kurudi mtabadilishana. Na msipobadilishana, kurudi hata ile ya usiku siikatai sana kwa yeye na wakubwa, manake unashuka Miritini alfajiri lakini ni joto la nyumbani, hakuna baridi, na jua likichomoza wako njiani kuja Malindi. Ila asiache gari pale stesheni ati akishuka aliendeshe mwenyewe. Mtu hajalala usiku kucha afu ashike usukani mpaka Malindi na malori ya Kilifi hayo, hapana, apande matatu akoromee humo.

Na mavyaa akikataa ndege, manake nimeona wazee wengi wanasema hawaingii kwenye chuma kinachoruka, basi msimlazimishe, lakini kiti chake kiwe fasti klasi. Ekonomi viti vinakaa watatu upande mmoja na wawili upande wa pili, mnaangaliana magoti kwa magoti na mgongo wa kiti haulali, kwa mwenye magoti mabovu saa tano hivyo ni adhabu. Fasti ni wawili wawili na kuna nafasi ya kunyoosha mguu. Mmoja wenu akae naye huko, wengine wabaki ekonomi, hamna aibu. Mchana lakini! Siyo usiku.

Cha kula bebeni chenu, mahamri na mbaazi ya kukauka, maji, matunda. Ndani wanauza lakini kwa watoto wawili utalia. Visu viacheni, na manukato ya kupuliza yale ya kopo pia yanasumbua kwenye ukaguzi. Kwenye ndege angalia sana mzigo, hizi tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi ni begi la mkononi tu, ukifika na sanduku la achari za maembe na halua ya kumpelekea wifi unalipishwa pale pale kaunta. Achari apewe baba watoto, asafiri nazo na treni. Na kitoto kwenye ndege mnyonyeshe ikianza kushuka, kumeza kunasaidia masikio.

Swali: Bi Safari sisi wa Lamu je? Kila mtu anaongea treni treni na sisi tuko kisiwani. Mume wangu anataka tuunganishe basi na treni siku moja, na watoto wawili wa 5 na 9. Inawezekana?
— Mke wa Nahodha, Langoni, Lamu

Jibu: Inawezekana dadangu, na cha ajabu ni kwamba nyinyi ndo watu pekee ambao hiyo treni ya usiku inawakaa vizuri kwa saa. Mkivuka na boti mpaka Mokowe asubuhi mapema mkapanda basi, mnapitia Witu, Garsen, Malindi mpaka Mombasa, ni saa saba ama nane na vizuizi vya ukaguzi njiani, ya saa tisa mtaikosa, ya saa nne usiku mtaipata na nafasi ya kula. Lakini uliza mwili. Hiyo ni boti, basi mchana kutwa, kukaa stesheni, treni usiku kucha, na watoto wawili. Mimi nisingefanya. Laleni Mombasa kwa ndugu, hakuna mtu wa Lamu asiye na jamaa Mombasa, na asubuhi yake mchukue ya saa mbili asubuhi. Hiyo inasimama stesheni za njiani kwa hiyo inachelewa kidogo kuliko ya alasiri, lakini watoto wataona nchi yote.

Ukiuliza ndege, kwenu ina maana kuliko hata Malindi. Mnavuka na boti mpaka Manda, uwanja uko palepale ukishuka gatini, na mchana huohuo mko Nairobi. Linganisha na siku mbili za njia. Ikiwa pesa inatosha upande mmoja tu, ruka wakati wa kwenda, manake kuanza likizo umechoka ni kuiharibu yote. Ndege nyingi za Manda ni ndogo, baadhi zinaruhusu kilo 15 tu kwa mtu, na begi laini wanalipenda kuliko sanduku gumu.

Swali: Tiketi za treni Agosti zinaisha haraka, kuna kijana hapa mtaani anaweza kunitolea kwa kuongeza mia tano. Nimpe?
— Msomaji, Maweni, Malindi

Jibu: Usimpe. Tiketi ina jina na namba ya kitambulisho, na pale mlangoni wanalinganisha, ya mtu mwengine haikupitishi. Kata mwenyewe kwa simu, piga *639# ama ingia kwenye tovuti ya shirika la reli, unalipa na M-Pesa, siku ya safari unaiprinti pale stesheni. Kama ni familia kateni zote kwa mkupuo mmoja ili viti viwe karibu, ukikata leo mbili na kesho tatu mtatawanyika behewa mbalimbali. Watoto wabebeeni vyeti vya kuzaliwa, treni na ndege vilevile. Ukikuta ya saa tisa imejaa jaribu katikati ya wiki, Jumanne na Jumatano huwa kuna nafuu kuliko Ijumaa.