Daktari aliyewaita watu magogo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea utabibu, mwaka wa pili. Darasani tumefundishwa kwamba fomu ya ridhaa anayotia sahihi mtu kabla ya kufanyiwa utafiti ilipata nguvu kutokana na kesi ya kule Nuremberg, Ujerumani, ya madaktari wa Kijerumani waliowafanyia wafungwa majaribio wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwenzangu anasema Wajapani nao walikuwa na daktari wao, jenerali kabisa, aliyefanya unyama kama ule na hakushtakiwa. Ni kweli? Aliponaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako kasema kweli. Ni Shiro Ishii, aliyezaliwa 1892 na kusomea udaktari Kyoto. Kuanzia 1936 aliongoza kikosi cha jeshi kilichoitwa Kikosi 731 huko Pingfang, karibu na Harbin, kaskazini mashariki mwa China iliyokuwa imetekwa na Japani. Kwenye makaratasi kazi yao ilikuwa kuzuia magonjwa na kusafisha maji. Wenyeji waliambiwa ni kiwanda cha mbao, na humo ndani wafungwa wakaitwa "maruta", yaani magogo.

Hayo magogo yalikuwa Wachina wengi, na Warusi pia. Waliambukizwa tauni, kimeta na kipindupindu makusudi. Wengine walitolewa nje wakati wa baridi kali, mikono ikagandishwa hadi ikafa ganzi. Wengine walipasuliwa wakiwa hai bila nusu kaputi, ili viungo vionekane kabla kifo hakijaviharibu. Waliouawa humo si chini ya 3,000.

Nje ya kuta, ndege zao zilimwaga ngano yenye viroboto wa tauni juu ya mji wa Ningbo, Oktoba 1940. Watu zaidi ya 100 wakafa, na mtaa ulioshambuliwa ukabidi uzungushiwe ukuta na kuchomwa moto.

Sasa aliponaje. Agosti 1945 Warusi walipokaribia, wafungwa waliobaki waliuawa, majengo yakalipuliwa, na Ishii akawaapisha watu wake wakae kimya. Lakini matokeo ya majaribio hakuyateketeza yote. Hayo ndiyo yaliyomnunulia maisha. Wamarekani waliokuwa wakiitawala Japani walimhoji, yeye na wenzake, na badala ya kizimbani wakawapa kinga ya kutoshtakiwa, mradi wakabidhi walichokijua. Mwaka ni 1947, mwanangu, mwaka uleule ambao majaji wa Kimarekani walikuwa Nuremberg wakiwahukumu madaktari wa Kijerumani, saba kati yao kunyongwa.

Waliyokabidhi yalikuwa pamoja na slaidi. Mimi nimefundisha kazi ya maabara miaka 31, na hapa ndipo roho inaponiuma. Wewe unajua slaidi inavyotengenezwa: unakata tishu nyembamba kama ganda la kitunguu, unaipaka rangi, unaifunika kwa kioo, unabandika lebo. Kila ninayoishika najua kuna mtu, au ndugu zake, waliokubali kipande kile kitoke mwilini mwake. Slaidi za Ishii zilikuwa maini na mapafu ya watu waliofungwa kamba. Desemba 1947 Mmarekani aliyetumwa kuzipitia taarifa hizo, Edwin Hill, aliandika kwamba zimegharimu yen 250,000 tu, kiasi kidogo sana kulinganisha na gharama halisi ya utafiti. Pia aliandika kwamba katika maabara za kwao zisingepatikana, kwa sababu ya dhamira inayokataza kumjaribia binadamu. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na bado siwezi kuyavumilia. Dhamira aliijua, akaitaja, kisha akahesabu fedha.

Warusi waliwashtaki Wajapani 12 kule Khabarovsk, mji wa Urusi, Desemba 1949, lakini Ishii hakuwa mikononi mwao. Alifariki Tokyo mwaka 1959, kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 67. Wachina 180, waathirika na jamaa za waliokufa, walikwenda mahakamani Tokyo kuidai serikali ya Japani. Mwaka 2002 majaji walikiri kwamba vita vya vijidudu vilipiganwa kweli. Fidia wakawanyima.