Madam Bando anajibu: usianze na Kahoot

Juzi usiku nshamaliza kuosha vyombo, ndo nataka kulala, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa msichana simjui, ni mwalimu wa intanshipu shule moja huko Kisauni, Mombasa, namba yangu kapewa na mwalimu mwenzake. Kaniandikia hivi: "Madam salaam. Nasikia wewe ndiye unayefundisha na app. Mimi niko na Gredi 8, wako 57, projekta hakuna, bando nanunua mwenyewe. Nianze na app gani?"

Nlicheka peke yangu kitandani. Huyo ni mimi wa 2023, mimi kabisa. Nkamjibu kwa voisi noti ya dakika sita halafu nkaona wacha nikae niandike, manake si yeye wa kwanza kuniuliza, na mnaosoma hapa nawajua, nyinyi ni watu wa kabila langu, hamtaki kuingia darasani na chaki moja na kitabu kimoja mpaka siku ya kustaafu.

Ila kwanza ntawaeleza hilo jina la Madam Bando limetoka wapi, kwa sababu si jina nililopewa kwa mapenzi.

Nlianza 2023, ule mwaka Gredi 7 ya kwanza kabisa inaingia junia sekondari. Intanshipu, shilingi 20,000 kwa mwezi na hapo hazijakatwa, shule ya upande wa Likoni ambayo jina nalihifadhi. Nlikuwa na moto sikwambii. Usiku naangalia video za walimu wa ng'ambo, watoto wanaruka juu ya viti kwa furaha, wanacheza Kahoot. Kama huijui, huo ni mchezo wa maswali ulitoka Norway 2013: swali linatokea kwenye skrini kubwa mbele ya darasa, mwanafunzi kwenye simu yake anabonyeza rangi ya jibu, anayewahi anaokota pointi nyingi, na mziki unapigwa. Nkasema na mimi ntafanya, kwani watoto wa Likoni wamekosa nini?

Simu kwa mwanafunzi shuleni haziruhusiwi, hilo nlikuwa nalijua vizuri. Nkajitia ujanja. Nkawaambia Alhamisi, kesho kila mtu amuombe mzazi simu, somo la mwisho tu, jioni inarudi nyumbani. Ijumaa zikaja simu tisa. Tisa, darasa la watoto 61, na mbili katika hizo ni kabambe za kupiga na kupokea tu. Zikabaki saba. Skrini kubwa yenyewe ilikuwa laptopu yangu ya inchi 14 nimeiweka juu ya stuli, stuli iko juu ya meza, na hotispoti inatoka kwenye simu yangu yenye bando la shilingi hamsini.

Basi nkawagawa, watoto wanane tisa kwa simu moja. Kila kundi likaandika jina lake ndiyo liingie mchezoni. Hapo ndipo pa kucheka, ingawa siku ile sikucheka. Wa nyuma hawaoni skrini, wanasukumana, wa mbele wanapigania kubonyeza, kelele zimefika mpaka jikoni, na deputi, yaani naibu wa mwalimu mkuu, akaingia. Kasimama mlangoni mikono nyuma, kaitazama laptopu, na kwenye skrini kwa herufi kubwa kabisa yameorodheshwa majina ya makundi, la tatu kutoka juu limeandikwa KIPARA CHA DEPUTI.

Alizichukua simu zote, hata kabambe. Akazifungia ofisini kwake, akatia funguo mfukoni, akaenda zake mkutano mjini. Ijumaa saa tisa na nusu hiyo.

Saa kumi na moja nko getini natafuta namna, akaja mama mmoja na leso yake kiunoni, anauza viazi karai na bajia karibu na feri, mwanawe yuko darasani kwangu. Nlidhani atanitukana. Ningependelea anitukane. Akanambia taratibu, "Mwalimu, mimi si mtu wa maneno. Lakini hiyo simu ndiyo duka langu. Oda za jioni zinaingia humo, pesa zinaingia humo. Nimempa mtoto kwa sababu kanambia mwalimu kasema." Nkamwambia mama nisamehe. Akanambia, nshakusamehe, lakini leo ntauza vipi? Nlikuwa na mia tano kwenye pochi nkampa, akaikataa, nkamshikisha, akaondoka nayo bila kuhesabu. Simu aliipata Jumatatu.

Na hiyo Jumatatu naingia stafurumu, deputi yuko na chai yake mkononi, anasema kwa sauti, "Karibu Madam Bando!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Waliocheka zaidi ni wawili ambao wiki nzima mahamri ya saa nne nlikuwa nawanunulia mimi. Hayo nshayasamehe, lakini kusahau sijasahau, na wakisoma hapa watajijua.

Muhula wa pili wote nlirudi kwenye chaki, hamna la kusimulia, turuke.

Lakini lile neno la yule mama halikunitoka. Kahoot haikuwa na kosa lolote, ni kitu kizuri mahali pake, kosa lilikuwa langu mimi nliyebeba kitu cha darasa lenye simu 30 nkakileta kwa darasa lenye simu saba za kuazima. Tangu hapo nikiona app mpya swali langu ni moja tu: hii inamtaka mtoto aje na nini kutoka nyumbani? Ikitaka zaidi ya kalamu na daftari naipita, hata iwe nzuri vipi, hata isifiwe na nani. Mzigo wa teknolojia ubaki kwangu mwalimu. Hilo ndilo nlilomwambia yule dada wa Kisauni, na dakika tano zilizobaki za ile voisi noti nlikuwa narudia hilohilo kwa maneno mengine.

Sasa app niliyoangukia ni Plickers. Ni ya bure kwa kiasi kinachotosha darasa la kawaida, na uzuri wake simu ni moja, ya mwalimu. Wanafunzi wanashika karatasi. Kila mmoja ana kadi yenye mchoro wake mweusi wa miraba na hakuna mbili zinazofanana, kando ya mchoro pande zote nne kuna herufi ndogo A, B, C na D. Unauliza swali, mtoto anaigeuza kadi mpaka herufi ya jibu lake iwe juu, anainyanyua. Wewe unafungua kamera ya simu, unaipitisha taratibu darasa zima kama unapiga picha ya harusi, na simu inasoma kadi zote na kuandika nani kajibu nini. Intaneti inataka, lakini ni ya simu moja, bando dogo linakutosha. Na herufi zenyewe ni ndogo makusudi, jirani hawezi kuibia, na michoro haifanani kwa hivyo hata akitazama namna mwenzake alivyoigeuza haimsaidii kitu.

Kuna seti ya kadi 40 na kuna ya 63, unapakua bure kwenye tovuti yao. Mimi na watoto wangu 61 nkachukua ya 63. Nkaenda kuprinti saiba moja Mwembe Tayari, shilingi kumi karatasi, kadi mbili kila karatasi, hesabu jumla mwenyewe. Na kwa vile nlikuwa na kiherehere nkasema wacha nizilaminate zidumu, nkalipa pesa zaidi ya zile za kuprinti. Jamani. Darasa letu madirisha yanatazama magharibi. Somo la mchana jua linaingia, plastiki inang'aa kama kioo, simu haisomi hata kadi kumi. Nimesimama pale mbele nazungusha mkono kama napunga nzi na watoto wanasema "Madam bando limeisha?" Hata watoto walikuwa wanalijua lile jina! Nkaprinti upya, nkazibandika kwenye maboksi ya biskuti kwa gundi ya unga. Hizo ndizo ninazotumia mpaka leo. Kitu kingine ni vidole, mtoto akifunika mchoro kwa kidole kadi yake haisomeki, wafundishe kushika pembeni.

Siku ya kwanza ilipokubali nlitaka kulia. Nlikuwa nimefundisha umeme, vipitishi na visivyopitisha, nkauliza kama tunavyouliza sote, "Mmeelewa?" wakaitika "Ndiyooo madam!" ile ya kuimba. Nkasema haya, nyanyueni kadi. Katika 61, waliopata ni 19. Kumi na tisa! Yaani ile ndiyooo nliyokuwa naichukua kama mshahara ilikuwa ya uongo muhula mzima. Na kuna msichana anakaa nyuma karibu na mlango, hajawahi kunyanyua mkono tangu aje, nlikuwa nimeshamhesabu kuwa hajui kitu, kapata matano kwa matano. Nlimtazama yeye akatazama chini. Hapo ndipo nlipojijua mimi ni mwalimu wa namna gani.

Cha pili ninachotumia sana ni PhET, ni majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini, yanatoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani. Aliyeanzisha 2002 ni Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Nobel mwaka mmoja kabla, na mtu kama huyo kukaa kufikiria mtoto ataelewaje betri na balbu mimi hunipa moyo. Unaupakua mchezo mmoja mmoja ukiwa kwenye waifai ya mtu, kisha darasani unaufungua kwa brauza bila intaneti yoyote, na baadhi yake ipo kwa Kiswahili. Ule wa saketi za umeme ndio mahaba yangu. Shule yetu balbu za maabara tulikuwa nazo mbili na moja imeungua, lakini kwenye PhET nimeunguza betri sikwambii ngapi na hakuna aliyeniletea risiti.

Nliwaita watoto kumi kumi kwenye laptopu wengine wanafanya zoezi. Mvulana mmoja akaunganisha nyaya bila kupitia balbu, betri ikashika moto pale kwenye skrini, wakapiga makelele. Yeye hakupiga. Akasema, "Madam, ndo maana kwetu nyumba ya jirani iliungua. Fundi aliwaunganishia waya kutoka kwenye nguzo." Darasa likanyamaza. Tukaacha nlichopanga tukazungumza nyaya za mitaani mpaka kengele, na hilo somo naamini hawatalisahau, mimi pia.

Projekta mtauliza. Ilikuwepo! Tangu ule mradi wa serikali wa tabuleti za shule za msingi ulioanza 2016, vifaa vilikuja na projekta yake. Yetu ilikuwa kabatini, kabati lina kufuli, ufunguo una mwenyewe na mwenyewe yuko likizo. Nlichukua muhula mzima kuomba. Omba kwa maandishi, weka nakala, hayo ndo ushauri wangu kwenye hilo.

Nyingine kwa haraka. GeoGebra ni ya hesabu, grafu na pembe, tamu mno kama una mahali pa kuonyesha. Khan Academy video zake tazama wewe nyumbani halafu uje ufundishe kwa mdomo wako, si lazima mtoto amuone yule jamaa anayefundisha humo. Google Forms mimi naitumia kukusanya maoni ya wazazi basi. Canva, ile ya kutengeneza mabango na slaidi, wana akaunti ya bure ya walimu, ila jihadhari, mtu unaweza kumaliza saa tatu unachagua rangi ya kichwa cha habari na somo hujaliandaa. Na majina ya watoto usiyamwage kila tovuti, hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na mtoto inamtaka mzazi akubali. Mimi kwenye Plickers naweka namba za rejista tu, 1 mpaka 61.

Na walimu wenzangu, niseme hili mkinichukia mnichukie. Tumezidi kulalamika. Kila siku "serikali haijaleta", "mwalimu mkuu hanunui", na mkononi una simu inayokupigisha TikTok mpaka saa saba usiku. Simu hiyohiyo! Bando la kutazama harusi za watu lipo, la kupakua mchezo mmoja wa saketi halipo. Mimi nlianza na shilingi 20,000 isiyofika mwisho wa mwezi, nimechekwa, nimepewa jina, nimelaminate nkala hasara. Usinambie haiwezekani. Sema hutaki, nitakuelewa.

Haya, yaliyobaki ni ya kujisifu kidogo, nivumilieni. Mwezi uliopita niliitwa kuwaonyesha walimu wa shule kadhaa za huku kwetu, kama arubaini hivi, kwenye ukumbi wenye feni mbovu. Nkagawa kadi zangu za maboksi ya biskuti. Mstari wa mbele nani kakaa? Deputi. Yuleyule, kipara kilekile. Nkauliza swali rahisi, nkapitisha simu, zikasoma zote isipokuwa moja. Nkatazama, ni yake, kidole gumba kimekaa katikati ya mchoro. Nkamwambia kwa heshima zote, "Mwalimu, shika pembeni." Akashika. Ikasoma. Jibu lenyewe lilikuwa si sahihi lakini sikulitaja mbele za watu, hilo mnisifu.

Alipotoka akanambia, "Madam, zile kadi unaprinti wapi?" Hakusema Bando.

Basi wewe dada wa Kisauni, 57 wako watatoshea kwenye ile seti ya 63. Nina seti moja ya ziada nyumbani, ile ya plastiki inayong'aa, nimewaza nikupe lakini roho imekataa. Jumamosi ukivuka feri nipigie, tutabandika mpya pamoja, gundi ninayo, maboksi uje nayo wewe.